Mwendo wa Bibi Harusi

Gari lile jekundu lilipendeza kulitazama, ila kuliendesha kulikuwa kero tupu. Sajenti Ruti Nzowa aliyajua yote mawili kabla hajavuka geti la kituo. Alikanyaga mafuta, gari likanyamaza kana kwamba halijasikia. Akaongeza kidogo, likaruka ghafla, nusura limzoe mlinzi wa geti pamoja na kiti chake.

"Umeona?" alisema Chanda, mwenye gari, ambaye alikuwa kiti cha pembeni na mikono yote miwili kaibandika kwenye dashibodi. "Umeona, ba mayo, mama yangu? Mwandi, jamani, mimi nilinunua gari. Sikununua mbuzi!"

"Nimeona. Turudi ndani kwanza."

Chanda alikuwa mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Gari lake la spoti lilishuka melini Dar es Salaam, likaendeshwa mpaka Tunduma na dereva mmoja wa magari ya IT, yale yanayopita nchini kwenda kwa wenyewe, kijana aitwaye Luka. Lilifika kwa mwenyewe likiwa na kigugumizi. Chanda akauliza huku na huku, akaambiwa kuwa kabla ya kuvuka lilionekana kwenye gereji ya fundi Lusubilo, pale Mpemba. Basi akaja kituoni akipiga kelele kwamba fundi amechomoa kompyuta nzima ya gia na kumpachikia kopo.

Kwa kuwa shauri lilihusu gari, mkuu wa upelelezi, Afande Luhende, alimwazima Ruti, aliyekuwa mkaguzi wa magari wa kituo. Na Ruti, juzi asubuhi, aliingia gereji ya Lusubilo, akaona kompyuta ya gia kwenye shelfu, akamtia fundi pingu mbele ya wateja wake. Alimwita mwizi, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. Mke wa fundi, Rozi, aliwakimbilia peku mpaka walipopanda gari la polisi. Kesho Lusubilo angesomewa shitaka mahakamani, na akishasomewa, hakuna mtu Tunduma angemwachia hata baiskeli.

Mpaka asubuhi hii Ruti alikuwa hajaligusa gari lenyewe, maana lilikuwa bado Nakonde. Alikamata kwanza, kupima kukafuata. Ndivyo ilivyokuwa, hata ukiipamba vipi.

Akaanza na petroli, kwa sababu mpakani petroli ya magendo hupita kwenye madumu na haikosi kuchanganywa na mafuta ya taa. Alichota kidogo kwenye chupa nyeupe, akaisimamisha juani. Ilikuwa safi, haina maji chini wala harufu ya koroboi.

"Kwa hiyo ni kompyuta," alisema Chanda.

"Subiri, bwana Chanda."

Alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Kompyuta ya gia ya gari kama lile huhifadhi kumbukumbu ya namba ya chesisi ya gari ililotengenezewa, na ukiipandikiza kwingine namba haziwiani. Ruti aliisoma namba kwenye mashine. Akainama, akaisoma iliyogongwa chini ya kioo cha mbele. Akazisoma tena, moja moja, kwa kidole. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni.

"Vipi?" aliuliza Chanda.

"Hii ni kompyuta ya gari hilihili. Haijatolewa."

"Awe! Haiwezekani. Sasa wizi uko wapi?"

"Sijui kama upo."

"Lakini mtu umemfunga pingu!"

"Nimemfunga, ndiyo," alisema Ruti. "Panda, twende barabarani."

Wakashika barabara ya kuelekea Mpemba. Magari ya aina ile yana klachi mbili badala ya moja. Ya kwanza hubeba gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, na ya pili hubeba zile nyingine. Moja ikifanya kazi, mwenzake yuko tayari anasubiri zamu, ndiyo maana gari likiwa zima abiria hajui hata gia imebadilika saa ngapi. Ruti akaliweka kwenye gia za mkono, akawa anazichagua mwenyewe kwa vidole.

Gia ya pili, gari likaenda vizuri kabisa. Ya tatu, injini ikapiga ukelele, mshale ukapanda, gari likabaki na mwendo ule ule. Ya nne ikashika vizuri. Ya tano ukelele tena, na safari hii kilifuata kiharufu kama cha ugali ulioshika chini ya sufuria.

"Klachi moja ni nzima," alisema Ruti. "Nyingine imeungua. Ndiyo inayobeba gia ya kuondokea, kwa hiyo ukitaka kuondoka inateleza, halafu inashika kwa pupa. Huo mruko wako ndio huo."

"Nani kaiunguza?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kutoka Dar mpaka Tunduma barabara ni ya lami, na gari lile linatembea kwa gia kubwa njia nzima. Klachi ya gia ya kwanza haiungui kwa kukimbia. Huungua kwa kutambaa, nusu imeshika na nusu imeachia, tena kwa muda mrefu, tena mlimani. Kuna mtu alikuwa amelitambaza gari hili mahali.

Waliporudi, Ruti aliomba Lusubilo atolewe mahabusu aletwe chumba cha maelezo. Fundi aliingia na suruali yake ya kazi, akakaa, akautazama ukuta.

"Fundi, ulibadilisha nini kwenye lile gari?"

"Juzi nilikwambia."

"Niambie tena, tafadhali."

"Ahaa, leo kuna tafadhali." Lusubilo alikuwa mtu wa maneno siku zote, na mahabusu hayakumpunguzia. "Oili ya gia, basi. Ilitoka nyeusi tii, inanuka. Nikamwambia dereva, kaka, klachi imekwisha hii, oili mpya haitaifufua. Akasema weka tu nivuke nayo. Nikaweka."

"Na ile kompyuta ya kwenye shelfu?"

"Ya gari lililopinduka mlima wa Igawilo. Ungeijaribu kwenye lile jekundu ungeona soketi zenyewe haziingiliani. Hukujaribu."

"Sikujaribu," alisema Ruti. "Oili uliyoitoa iko wapi?"

"Kwenye dumu chini ya benchi. Nilikuonyesha kwa kidole, afande. Ukakidaka kidole ukakitia pingu."

Ruti alikumbuka. Alidhani anatishiwa. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nakuomba radhi, fundi."

Lusubilo akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Humu ndani radhi hiyo anaisikia nani?"

Ruti aliinuka. Alitoka akaenda Mpemba.

Gereji ilikuwa imefungwa nusu mlango. Rozi alikuwa amekaa ndani peke yake, na alichokalia hakikuwa kigoda, bali dumu lenyewe. Mumewe alipokuwa anaburutwa alikuwa amemwambia neno moja tu, dumu, naye hakutaka kuliacha hata dakika.

"Nimekuja kuchukua hilo, dada," alisema Ruti.

"Mtalimwaga."

"Hatulimwagi. Fungua tuangalie wote wawili."

Rozi akasita, akafungua. Oili ilikuwa nyeusi kama masizi na ilikuwa na ile harufu ya ugali ulioungua. Ruti alichovya kidole, akakisugua kwenye karatasi nyeupe, na vumbi la klachi likabaki pale, laini. Kwa hiyo gari liliingia kwa Lusubilo likiwa tayari limeungua. Fundi hakuiba, na wala hakuharibu chochote.

"Anatoka?" aliuliza Rozi.

"Anatoka."

"Na walioona anachukuliwa, nani atawaambia?"

Mume na mke walikuwa na swali moja. Ruti alilibeba dumu mpaka kwenye gari na hakumwangalia tena usoni.

Mchana Luka, yule dereva, aliitwa uani mwa kituo, mbele ya gari. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kapelo, na jasho lilimtoka ingawa wingu lilikuwa limetanda.

"Luka, hili gari ulilitambaza wapi?"

"Foleni ya malori, afande. Si unaijua foleni ya Tunduma!"

"Naijua. Ndiyo maana najua kwamba ni ya malori. Magari madogo mnapita pembeni mkipiga honi kama mna mgonjwa. Wapi?"

"Foleni, afande."

"Haya."

Ruti alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari na tochi. Ndani ya matao ya magurudumu kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka, nao haukuwa udongo wa Tunduma. Aliubandua kipande. Udongo ulikuwa umechanganyika na maganda makavu ya kahawa, mengi, yameshindiliwa na tairi. Watu wa Mbozi humwaga maganda ya kahawa kwenye miteremko ya udongo mvua zinapoanza, ili magari yasiserereke. Baba yake mwenyewe alimwaga kila mwaka pale kwenye kilima cha kanisa, kijijini kwao Ihanda.

Alitoka chini, akajipangusa, akaanza kulizunguka gari. Kwenye shingo ya kioo cha pembeni, upande wa ndani ambapo mtu anayeosha gari kwa haraka hapafikii, palikuwa na fundo la utepe. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, fundo likaachwa. Utepe wa zambarau wenye ukingo wa dhahabu.

Ruti alilishika lile fundo kwa vidole viwili na hakuliachia. Kitambaa hicho alikuwa anakijua. Gauni la rangi hizo lilikuwa linaning'inia nyumbani kwake, halijavaliwa hata mara moja, kwa sababu siku mdogo wake Atupele alipoolewa yeye alikuwa zamu mpakani. Aliuliza kwenye simu bibi harusi amepanda nini. Akajibiwa, gari la rafiki wa baba. Picha zilizotumwa zote zilikuwa za ndani ya kanisa, na yeye, mpelelezi mzima, hakujiuliza kwa nini.

"Ihanda," alisema.

Luka alivua kofia. "Afande, mimi nilidhani unajua."

"Nijue nini?"

"Kwamba ni harusi ya kwenu. Nilidhani ndiyo sababu mmemkamata fundi. Nikajua mambo yamepangwa, nikanyamaza. Hata kule Ihanda watu wanasema, Ruti keshaliweka sawa."

Askari wawili waliokuwa wanapiga soga kivulini waliacha kuongea. Ruti aliona aibu, akaegemea gari. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamsifu kwa kumfunga mtu asiye na hatia.

"Eleza vizuri," alisema. "Yote."

Luka akaeleza. Mzee Yonathani, baba yake Ruti, mzee wa kanisa, alikwenda kwa mama yake Luka ambaye wanasali naye. Alisema binti wa jirani alipelekwa kanisani na gari jeupe la kukodi, je, wa kwake apande bajaji? Luka alikuwa anapita na gari la mtu, gari ambalo halikuruhusiwa kuiacha barabara kuu hata kwa kwenda kunywa chai, akakata kona akaingia Ihanda.

"Msafara ulianzia chini, njia panda," alisema. "Matarumbeta mbele, kina mama nyuma ya matarumbeta, wengine nyuma ya gari. Kina mama wanatandika vitenge barabarani, hupiti mpaka bibi harusi atoe hela kidogo. Wanacheza, unasogea kidogo. Wanatandika tena. Na pale ni mlima, afande."

"Kwa nini hukukanyaga breki?"

"Mimi nilijifunzia lori. Mwalimu wangu alikuwa anaweka kiberiti nyuma ya tairi mlimani, ukikiponda umefeli. Unaondoka bila kurudi nyuma hata nukta. Sasa nyuma yangu wanacheza bibi zenu, wengine hawaoni vizuri. Niachie breki gari lirudi, nimkanyage bibi wa mtu? Nikalishikilia kwa mafuta. Lori unalishikilia kwa klachi, hili halina pedali ya klachi, nikalishikilia kwa mafuta. Halikurudi hata kidogo." Kwa nukta moja aliongea kama mtu anayejisifu, halafu akakumbuka alipo. "Tulipofika kanisani lilikuwa linanuka."

"Mlipanda kwa muda gani?"

"Mpaka kina mama walipochoka, afande. Na kina mama wa Ihanda unawajua."

Aliwajua. Kila mmoja wao alimwita shangazi au bibi.

Afande Luhende alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama dirishani. Aliipokea taarifa, dumu la oili, udongo na ule utepe. "Faili hili siyo lako tena," alisema. "Dereva ataandika maelezo, baba yako naye aje aandike, na la kuiacha barabara kuu atalijibu huko huko forodha. Fundi mtoe leo. Andika hakuna ushahidi wa kutosha, mpitishe mlango wa nyuma, mambo yaishe kimya kimya."

"Nilimkamatia mlango wa mbele, afande."

Luhende aligeuka kutoka dirishani. "Unajua utakayoyasema yanakuhusu wewe na nyumba yenu?"

"Najua."

"Haya. Mimi sijakutuma."

Ruti alimkuta baba yake Ihanda, anageuza kahawa kwenye meza ya kuanikia. Mzee Yonathani alipomwona alitabasamu, akafuta mikono.

"Mwanangu. Nilijua utalimaliza."

"Nilimalize vipi, baba?"

"Si umemshika yule fundi? Nimekuwa nikimwombea kila siku, Mungu ampe moyo wa uvumilivu. Watamwachia tu, mtu wa gereji hakosi makosa."

Ruti alisikia machozi yanakuja, akayazuia kwa hasira. "Baba, unamwombea mtu ambaye ungeweza kumtoa kwa kufungua mdomo! Ana mke. Mke wake amekalia dumu la oili chafu siku zote hizi kwa sababu hana mwingine wa kumsikiliza. Na mimi ndiye niliyemfunga. Watu wanasema nilifanya kwa ajili yako, na siwezi hata kuwaambia ni waongo, kwa sababu imetokea hivyo hivyo."

Mzee alishika ukingo wa meza. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Nilitaka waone," alisema. "Basi, nilitaka watu waone mtoto wangu anashuka kwenye gari zuri. Jirani alipomwoza binti yake waliimba wiki nzima, mimi nikasikiliza."

"Wameona."

"Wameona," alikubali. Akainamia kahawa yake, akaokota punje mbovu, akaitupa. "Mama yako asijue kwanza."

"Baba!"

"Haya. Haya, nakuja. Ngoja nivae koti."

Akavaa lile koti la kanisani, jeusi, alilovaa siku ya harusi, wakaenda kituoni Tunduma, mzee akaandika maelezo yake, wakamchukua Lusubilo, wakashika njia ya Mpemba. Ruti aliendesha, akatamani barabara iwe ndefu zaidi.

Gereji ilikuwa na watu. Habari kwamba fundi anatoka ilikuwa imetangulia, na waliokuwepo juzi walikuwepo tena, mwenye pikapu, mama wa mashine ya kusaga, na waendesha bodaboda waliojipanga ng'ambo ya barabara. Rozi alisimama mlangoni na hakumkimbilia mumewe. Alikuwa anasubiri lisemwe lile aliloliuliza.

Ruti alisimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile. "Huyu fundi hakuiba kitu," alisema. "Gari lilikuja hapa likiwa limeungua. Mimi nilimkamata bila kupima. Nilikosea."

Mzee Yonathani akasogea, mikono kaiminya kifuani. "Mimi ni baba yake huyu askari. Gari liliunguzwa kwenye harusi ya binti yangu. Nilijua, nikanyamaza wakati mwenzenu amelala chini kwenye sakafu."

Watu walinung'unika. Mmoja aliguna kwa nguvu. Lusubilo alimtazama mzee kuanzia kwenye koti mpaka kwenye viatu.

"Bibi harusi alipendeza?" aliuliza.

Mzee Yonathani alilitazama koti lake. "Alipendeza," alisema kwa shida.

"Mungu awabariki maharusi." Lusubilo akamgeukia Ruti, akanyoosha kidole, kidole kile kile, kuelekea ng'ambo ya barabara. "Afande, rudia. Wale wa kwenye pikipiki hawakusikia."

Ruti alivua kofia yake ya askari, akaibana kwapani. Akageuka akaikabili barabara, na kwa sauti ile ile aliyomwitia mwizi, akaanza upya tangu mwanzo.